Usambara Magharibi kwa baiskeli ya njia za vumbi: gia, tairi na njia ya Lushoto hadi Mtae

VumbiJekundu
Wakuu habari za humu. Tuko wawili, tunapanga kuzunguka Usambara Magharibi kwa siku 3: Lushoto, Magamba, Lukozi, Rangwi, Sunga hadi Mtae, halafu turudi kupitia Mlalo. Tunataka njia za vumbi zenye magari machache, hata kama ni ndefu zaidi.

Baiskeli zetu ni za usukani uliopinda chini, tairi 700x38 (upana mm 38) zenye tyubu, sproketi moja ya mbele meno 40, nyuma 11 hadi 36, breki za diski za waya. Mzigo kilo 8 kila mmoja. Wapandaji kilo 70 na 76.

Tunaomba kujua: gia zinatosha? Tairi je? Na mwisho wa Aprili panapitika, au tusogeze mbele? Pia tuanzie Mombo au tupande basi hadi Lushoto?

Fundi_Friwili
Nianze na gia maana hapo ndipo mtakapoumia. Ukiwa na 40 mbele na 36 nyuma, mzunguko mmoja wa pedeli unakusogeza kama mita 2.4. Ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika uko karibu km 9 kwa saa. Kwenye mwinuko wa asilimia 10, ukiwa na mzigo, mwendo huo unataka miguu ya mtu wa mashindano. Mtu wa kawaida atashuka mizunguko 40 kwa dakika, ataanza kusimama kwenye pedeli, na kwenye vumbi ukisimama tairi la nyuma linapoteza uzito na kuzunguka bure. Watu hulaumu tairi, kumbe kosa ni gia.

Njia ya bei nafuu ni kubadilisha sproketi ya mbele, weka meno 34. Ukiongeza meno ya nyuma utalazimika kuangalia kama kihamisha gia chako (kile kifaa cha nyuma kinachosogeza cheni) kinayabeba, na mara nyingi hakibebi, unajikuta umenunua vitu viwili. Kabla ya kununua pima kipenyo cha duara la bolti zinazoshika sproketi kwenye kranki (mkono wa pedeli). Kama ni mm 110, usitegemee kushuka chini sana ya 34. Ukitoka 40 kwenda 34, punguza cheni pingili 2, yaani moja nene na moja nyembamba, vinginevyo italegea ukiwa kwenye sproketi ndogo ya nyuma na kupiga fremu. Kama cheni imeshalika, badilisha kabisa. Cheni iliyochoka kwenye sproketi mpya inaruka meno ukikanyaga kwa nguvu.

Na tafadhali, msipake oili chafu ya gari kwenye cheni. Vumbi jekundu likichanganyika nayo linakuwa msasa. Tumieni kilainishi kikavu, tone moja kwa kila pingili jioni, subiri, kisha futa cha nje chote asubuhi kabla ya kuondoka.

Mwenyeji_wa_Soni
Mwisho wa Aprili hapana. Masika ni Machi hadi Mei, na udongo wa huku ni mfinyanzi mwekundu. Ukilowa unashika tairi, unajaa kati ya tairi na uma, gurudumu linagoma kabisa. Hapo hata gia za meno 30 hazikusaidii, unaibeba begani. Njooni Septemba hadi mwanzoni mwa Oktoba kabla vuli haijaanza, au Januari na Februari. Juni hadi Agosti hakuna mvua kubwa ila kuna baridi na ukungu, na kule juu Magamba manyunyu ya asubuhi ni kawaida. Msitu ule unanasa unyevu unaotoka baharini na barabara iko kivulini, kwa hiyo Lushoto mjini panaweza kuwa pakavu huku Magamba pakiteleza.

Kuhusu Mombo: ni km 33 za lami hadi Lushoto, mnapanda takriban mita 1,000. Ni nyembamba, ina kona kali, mabasi na Fuso za mbogamboga. Mandhari ni mazuri lakini si hiyo njia tulivu mnayoitafuta. Pandeni basi, hifadhini miguu.

Kutoka Lushoto hadi Magamba nako ni lami, msishangae. Utulivu unakuja mkitoka barabara kuu. Lushoto hadi Mtae kwa barabara kubwa ni takriban km 60, mnaweza kuimaliza kwa siku moja mkiwa wagumu, ila mtakuwa mnakula vumbi la magari, hasa karibu na Lukozi siku za soko, viazi na kabichi vinaposhuka mjini. Kupitia Rangwi kuna magari machache, panda shuka nyingi zaidi. Ukiona km 25 kwenye ramani, hesabu saa 4.

Ramani za simu zinaonyesha vijia vingi vinavyokatisha mashambani. Vingine ni ngazi za udongo kati ya matuta, vya miguu tu. Kabla ya kuingia kijia, salimia vizuri halafu uliza: bodaboda inapita? Ukijibiwa inapita, uliza tena: hata mvua ikinyesha? Jibu la pili ndilo la kuamini. Msiulize "ni mbali?", kila mtu atawaambia ni hapo tu.

Dada_Spoki
Naungana na Mwenyeji isipokuwa kwa Mombo. Kama mna siku ya ziada, ondokeni Mombo saa 12 asubuhi kabla magari hayajashika kasi, mpumzike Soni. Ni njia nzuri ya kujua kama gia zenu zinafaa kabla hamjafika mahali ambapo hakuna basi la kurudi.

Mkitaka kuingia ndani ya msitu wa Magamba, ile ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania). Kuna ada ya kiingilio na inalipwa kwa namba ya malipo ya serikali. Mtu akitaka fedha mkononi njiani bila risiti, mwambieni mtalipia ofisini. Kupita barabara ya umma ni suala tofauti na kuingia kwenye vijia vya msituni, waulizeni wenyewe mpaka wa ada uko wapi.

VumbiJekundu
Asanteni sana. Tunasogeza hadi Septemba na sproketi ya 34 tumeshaikubali. Dada, je tairi 38 zinatosha au tuhamie 45? Tuweke zisizo na tyubu? Na pancha ikizidi viraka, tyubu zinapatikana huko?

Dada_Spoki
38 zinapita, ila mtakuwa mnajaza upepo mwingi ili rimu isigonge mawe, na upepo ukiwa mwingi baiskeli inadunda kwenye changarawe. Kama fremu inaruhusu, wekeni 45 mbele, nyuma angalau 42. Hakikisheni inabaki nafasi ya mm 6 kila upande kwa ajili ya tope. Kwa uzito wenu na mzigo, 45 yenye tyubu anzeni na psi 38 mbele na 42 nyuma. Bila tyubu teremsheni hadi 30 na 34, kisha rekebisheni: ukisikia rimu inagonga, ongeza 2, mikono ikifa ganzi, punguza 2.

Bila tyubu ni bora kwa miiba, lakini ile dawa ya maji ya ndani inayoziba matundu inakauka kwa miezi miwili mitatu kwenye joto letu. Wekeni mpya, ml 60 kila tairi, wiki moja kabla ya safari, ili kama kuna sehemu inavuja muione mkiwa nyumbani. Hata hivyo bebeni tyubu 2 kila mmoja.

Sasa hili la tyubu za dukani. Utakayoipata kirahisi vijijini ni ya inchi 28 ya Phoenix au inchi 26. Kwa ukubwa, zote mbili zinaingia kwenye 700: ya 28 inalegea kidogo, itandaze vizuri isikunjike, ya 26 inavutika, inakufikisha mjini. Kikwazo ni valvu. Rimu nyingi za baiskeli zenu zimetobolewa tundu la mm 6.5 kwa valvu nyembamba, wakati ya fundi wa kijijini inataka tundu la mm 8. Haiingii hata ukilia. Kuna wanaotoboa rimu kwa kekee. Inawezekana kwa rimu ya alumini kama ni pana, ukisawazisha kingo kwa tupa, ila si kazi ya kufanyia barabarani. Kwa hiyo ziba mwenyewe: viraka 8, solusheni mpya (ikishafunguliwa hukauka ndani ya tyubu yake), kipande cha msasa. Paka, subiri dakika 5 hadi isinate kidoleni, ndipo ubandike. Pancha nyingi za pili zinatokana na mwiba wa kwanza kubaki ndani ya tairi. Pitisha kidole polepole mzunguko mzima.

Na kishikio cha kihamisha gia, kile kipande kidogo cha alumini, bebeni cha akiba cha baiskeli yenu hasa. Hakuna fundi wa Lukozi atakayekuwa nacho, kila fremu ina chake.

Fundi_Friwili
Naongezea breki, hakuna aliyezigusa. Breki za diski za waya nyingi zinasukuma padi moja tu. Ile ya ndani haisogei. Padi zikilika, watu wanakaza waya peke yake, mkono unakuwa mgumu lakini padi ya ndani imebaki mbali na diski inapinda ikisukumwa upande mmoja. Zungusha kwanza kile kirekebishi cha padi ya ndani mpaka iguse kidogo, rudisha nyuma robo mzunguko, ndipo ushughulikie waya.

Kwenye mteremko mrefu usiburuze breki. Shika kwa nguvu sekunde mbili tatu kabla ya kona, achia, pumzisha, mikono ikiwa chini kwenye kipinde cha usukani. Ukiburuza, padi zinakuwa laini na kung'aa kama kioo usoni, na zinaanza kulia bila kusimamisha. Hapo simama dakika 10, usimwagie diski maji, inapinda. Padi za resini zinaisha haraka kwenye tope lenye mchanga. Za chuma zinadumu ingawa zina kelele. Jozi moja ya akiba kwa kila gurudumu, na padi mpya zizoesheni nyumbani kwa kusimama mara 20 kutoka mwendo wa wastani.

Mwenyeji_wa_Soni
Basi nalo: ongeeni na konda kabla ya kukata tiketi, na mkubaliane gharama ya baiskeli hapohapo. Toeni magurudumu yote mawili, fungueni kihamisha gia mkifunge ndani ya fremu kwa mpira, upande wa cheni uangalie juu. Diski msiiache itazame mizigo, gunia moja la viazi linatosha kuipinda.