Mafundi mnaobadilisha vifaa kwa kubahatisha, mmenichosha!!

Wakuu leo naandika na hasira kwa hiyo mnivumilie. Gari yangu ya 2001, petroli, silinda nne, ilianza kidogokidogo tu, asubuhi napiga stata inazunguka weee mpaka naionea huruma betri, ikiwaka inatetemeka kama ina homa, mshale wa rpm (mizunguko ya injini) unashuka 500 unapanda 900 unashuka tena, mara paap imezima. Ukikanyaga mafuta inatulia kabisa. Ikishapata moto ndo kama haijawahi kuumwa.

Fundi wa kwanza hata boneti hakufungua, kasikiliza kwa mbali kasema plagi. Sawa, plagi zilikuwa zimechoka kweli, hapo simlaumu. Kesho yake vilevile. Akasema basi koili, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi, zote nne, eti ikifa moja zingine zinafuata. Vilevile! Wa pili yeye akili yote iko kwenye pampu ya mafuta, presha hajapima, tenki limeshushwa siku nzima imeisha, asubuhi gari inamisi (silinda zinaruka moto) kama jana. Wa tatu angalau alikuja na mashine, ikatoa kodi za hitilafu P0171 na P0300 (hii ya pili ndo hiyo kumisi), nikasema afadhali, kumbe kusoma kodi ya hitilafu na kuielewa ni vitu viwili, akasema oksijeni sensa imekufa tubadilishe. Jamani P0171 maana yake kompyuta ya gari inaona hewa nyingi mafuta kidogo, na hiyo sensa ndo iliyopeleka taarifa, mjumbe hauawi!

Nikagoma. Nikatafuta kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani nikaunganisha na simu, nikaangalia kompyuta inaongeza mafuta asilimia ngapi. Gari ikiwa sailensi, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta, inaongeza 24, nikapandisha rpm mpaka 2500 ikashuka hadi 4. Sasa hapo mimi ambaye hata spana nashika kwa mashaka nikajiuliza, kama pampu ndo mbovu si ingezidiwa ukikanyaga, maana ndo mafuta mengi yanatakiwa? Hii inapona ukikanyaga. Kwa hiyo kuna hewa ya wizi inaingilia baada ya sensa ya hewa, kompyuta haijaihesabu, na kwenye sailensi injini inavuta hewa kidogo tu ndo maana hiyo ya wizi inaonekana kubwa, ukikanyaga inamezwa.

Nikaanza kupapasa mipira ya hewa mmoja mmoja. Ule wa kupumulia injini, unaoingia chini ya manifoldi ya kuingizia hewa, una ufa kwenye kona, kwa macho huuoni mpaka uukunje. Nikaubana na koleo juu ya ufa, sailensi ikatulia HAPOHAPO. Kimpira cha urefu wa kidole wakuu!! Kukiwa na baridi ufa unaachia, ikipata moto raba inalainika unajibana wenyewe, ndo maana kila nikiwapelekea gari mchana wananiambia "mbona iko fresh". Hakuna hata mmoja aliyesema iache ilale hapa niiwashe asubuhi mwenyewe.

Nimeweka mpira mpya, asubuhi ya nne leo inawaka kwa kugusa tu. Nikamrudia yule wa koili nikamwambia nipe zangu za zamani maana hazikuwa na kosa lolote. Anasema alishazitupa. Koili nne nzima, ametupa? Juzi nimeona gari nyingine hapo kwake imefunguliwa boneti, nimeshindwa hata kuuliza imewekewa nini.