Bei mara 60 ya faida: nitaipimaje kampuni ya teknolojia?

Nahodha wa Shela:
Asalaam aleikum. Niko Shela, Lamu, nina mashua ya kutembeza wageni. Mashua najua kuipima: nagonga mbao moja moja nikisikiliza mlio, natazama kalafati, nahesabu safari za msimu kisha natoa mafuta na mishahara. Sasa mwanangu anataka tuweke akiba kwenye hisa za kampuni ya programu ya Marekani. Bei ni mara 60 ya faida ya mwaka. Kila nikiuliza, jibu ni "inakua haraka, baba". Nitajuaje kama inastahili?

Bi Mhasibu, Malindi:
Waaleikum salaam, nahodha. Anzia kwenye bei urudi nyuma: bei hiyo inadai kampuni ikue kiasi gani? Faida ikibaki ilipo, utangoja miaka 60 ipate kulingana na pesa uliyotoa. Ikiongezeka maradufu kila miaka 3, baada ya miaka 9 itakuwa mara 8 ya leo, na bei uliyolipa itakuwa mara 7 na nusu tu ya faida hiyo. Je, itaongezeka maradufu mara tatu mfululizo kabla hajazuka mshindani mwenye kitu kipya? Hapo ndipo pa kukesha.

Mimi sikuuliza. Mwaka 2021 nilinunua hisa za namna hiyo kwa pesa za karo, zikashuka zaidi ya nusu. Hadi leo inaniuma, maana kampuni yenyewe iliendelea kukua; bei ndiyo ilitangulia mno. Cisco nayo, kampuni ya Marekani ya vifaa vya mtandao, Machi 2000 ilikuwa yenye thamani kubwa kuliko zote katika masoko ya hisa duniani. Biashara ikapanuka miaka iliyofuata, lakini aliyenunua siku zile alingoja zaidi ya miaka 20 bei irudi pale.

Halafu hesabu hisa zenyewe. Kampuni hizi huwalipa wafanyakazi kwa hisa mpya, na fungu lako hupungua kila mwaka.

Kijana wa Langoni:
Bi, hesabu hiyo mwaka 2008 ingetufanya tuikose Safaricom. Hisa iliuzwa shilingi 5, na M-Pesa ilikuwa na mwaka mmoja tu.

Bi Mhasibu, Malindi:
Kweli, mwanangu, M-Pesa haikupimika bado. Lakini 2009 hisa hiyo ilishuka chini ya shilingi 3. Aliyetumia pesa za karo angeuza hapo hapo.

Nahodha wa Shela:
Ahsante, Bi. Nimemwambia aniletee hesabu za miaka 5 na idadi ya hisa kila mwaka. Mashua inayozidi kuongezewa wamiliki, hiyo naijua.