Eti "mti ni kama nywele, utaota tena"! Nimetendewa unyama uani kwangu

Kivuli Kimeondoka (mwenye uzi):
Wanajukwaa wenzangu, naandika huku mikono ikinitetemeka, kwa sababu jambo hili limetokea asubuhi ya leo na unga wa mbao bado umenijaa kichwani. Mnamjua huyo mkata miti. Sitamtaja wala sina haja ya kumtaja, maana kila mwenye mti uani amewahi kumwona akipita na ngazi yake ndefu begani na ule msumeno wa injini anaouwasha kabla hajauliza hata huo ni mti gani. Nilimwita aondoe matawi mawili tu: moja lililokuwa likisugua bati, na jingine lililokauka upande wa lango. Nilimwonyesha kwa kidole, nikarudia kumwonyesha, akaitikia kwa kichwa, nami nikaingia ndani kupokea simu.

Nilipotoka, mti haukuwapo. Palikuwa na nguzo ya umeme inayongoja waya, yenye vigutu vitano vilivyonyooka juu kama vidole vya mtu anayezama. Uani palikuwa na mwanga mkali kiasi kwamba nilidhani paa limeng'oka. Kunguru waliozoea kulala hapo walizunguka mara tatu, wakatazamana, wakaenda kuulizia kwa jirani. Na yeye, huku mimi nimesimama mdomo wazi, akateremka taratibu, akajifuta jasho, akaniwekea mkono begani na kuniambia: "Usihuzunike, dada yangu. Mti ni kama nywele, utaota tena."

Kama nywele! Mti huo baba yangu aliupanda mwaka niliozaliwa, na sasa una miaka 31. Majani ndiyo jiko la mti, humo ndimo unamopika chakula chake kwa mwanga wa jua, na yeye amelibomoa jiko zima kwa dakika arobaini. Mtu anayeijua kazi hii hathubutu kuondoa zaidi ya robo ya majani mabichi kwa mwaka mmoja, na kwa mti mzee huondoa pungufu ya hapo. Ndiyo, utaota, lakini utaota machipukizi membamba yaliyojishikiza juujuu karibu na gome, yatakayokimbilia juu kwa pupa, yanenepe, kisha siku ya upepo yaniangukie juu ya bati lile lile lililoniponza.

Alipanda kwa viatu vya misumari! Viatu hivyo ni vya mti unaokwenda kuangushwa, si vya mti unaotakiwa kuishi, kwa kuwa kila hatua inatoboa gome na kujeruhi tabaka hai lililo chini yake. Nimehesabu matundu 46. Kisha akavipaka vigutu rangi nyeusi na kuiita dawa, ilhali rangi haizuii mti kuoza. Nayo hayo yote ningeyameza, lakini ule mkono begani, na ile sauti ya upole kama ya mtu anayetoa rambirambi kwa msiba alioufanya mwenyewe! Kama nywele!

Mzizi Mrefu:
Pole sana, dada. Ni huyo huyo, nimemtambua kwa ile ngazi. Kwangu alikata tawi sambamba kabisa na shina, akaondoa ule uvimbe unaolizunguka tawi pale linapoungana na shina, nilipomuuliza akajibu kwamba sasa linapendeza. Mti hauponi kama ngozi yetu inavyopona. Mmarekani Alex Shigo, aliyekuwa mtafiti katika idara ya misitu ya nchi yao, alieleza miaka ya 1970 jinsi mti unavyojenga kuta ndani yake ili kuzingira sehemu iliyojeruhiwa, na kuoza kusisambae. Uvimbe ule ni sehemu ya ulinzi huo. Ukiukata, umebomoa ukuta kabla haujajengwa, na ukiacha kigutu kirefu kama vyako, gome jipya haliwezi kukifunika, kuvu wanaingia. Mti wangu sasa una shimo ambalo paka anazalia humo.

Msema Kweli:
Nakuhurumia, lakini nitasema. Ungemwachia kinyozi mtoto wako ukaenda kuzungumza na simu, ungerudi ukakuta kipara. Je, ulimwomba cheti? Iko jumuiya ya kimataifa ya watunza miti tangu 1924, na wenye vyeti vyake wamefanya mtihani baada ya kuthibitisha uzoefu wao. Je, ulimuuliza kuhusu bima, ili tawi likivunja paa la jirani ujue nani atalipa? Je, mliandikiana ni matawi yapi yatakatwa? Wewe ulimwonyesha kidole. Kidole si mkataba.

Kivuli Kimeondoka:
Kinyozi tena? Nimekuja hapa kulia kwa sababu nimeambiwa mti ni nywele, nawe unaniletea kinyozi! Sikumwandikia, nakubali, lakini matawi mawili hayahitaji mwanasheria. Aliniwekea mkono begani, jamani. Begani!

Mpanda Kamba:
Mimi nafanya kazi hii na napanda kwa kamba, hivyo naomba nisikilizwe. Wanaoniudhi ni wateja. Mteja ananiita, nazunguka mti, natazama kama shina lina ufa, kama uyoga umeota kwenye kitako, kama udongo umeinuka upande mmoja, kisha namwambia kwamba tutaondoa matawi makavu na yanayosuguana, tuache mengine. Ananijibu: "Huyo mwingine ananikatia kote kwa nusu ya bei yako." Namweleza kwamba tawi zito hukatwa mara tatu, kwanza chini ili gome lisichanike, halafu juu mbali kidogo na shina, mwisho karibu na ule uvimbe, naye anatazama saa. Wiki mbili baadaye napita na kukuta nguzo. Mnamlea wenyewe.

Ua Mpana:
Matawi angalau mnayaona yakianguka. Kwangu jirani amejenga ukuta, akachimba mtaro hatua mbili kutoka kwenye shina na kukata kila mzizi uliopita hapo, unene wa mkono wangu, akisema mti una mizizi mingi na hautahisi. Anadhani mizizi inashuka chini kama kisima! Sehemu kubwa ya mizizi iko sentimita 60 za juu za udongo, na inaenea mbali kupita kivuli cha matawi. Mti sasa umemwinamia yeye, na ananiandikia barua za kulalamika kila juma.

Gome Gumu:
Ukuta ni afadhali. Shemeji yangu amemwaga saruji hadi kwenye gome, pande zote, eti uani pasafishike. Maji hayapiti, hewa haipiti, mti umekabwa shingo kama mtu aliyevalishwa kola ya mtoto.

Mzizi Mrefu:
Saruji inaweza kuvunjwa. Mke wangu amerundika matandazo, yaani majani makavu ya kufunika udongo, kuzunguka shina hadi kimo cha goti, na kila nikiyaondoa anarudisha. Matandazo ni mazuri yakiwa na unene wa sentimita 5 hadi 10 na yasipogusa shina, lakini rundo kama hilo linalifanya gome kuwa na unyevu usiku na mchana hadi linaoza.

Ua Mpana:
Mkeo ana haki, udongo unahitaji kufunikwa.

Mzizi Mrefu:
Udongo ndiyo, shina hapana! Sijasema asifunike udongo.

Mpanda Kamba:
Kaka, acha kugombana na shemeji yetu, nijibu swali moja. Pale shina linapokutana na ardhi, panatanuka kama mguu wa tembo, au linaingia ardhini limenyooka kama mti wa bendera?

Mzizi Mrefu:
Limenyooka.

Mpanda Kamba:
Basi pamefukiwa. Chukua mwiko mdogo, si jembe, ufukue polepole kuelekea nje hadi uione mizizi mikuu ya kwanza, na ukikuta mzizi uliolizunguka shina kama mshipi usiukate kabla hujaniletea picha.

Gome Gumu:
Na mwenye saruji aanzie wapi?