Sauti ya kanda za Hi8 na MiniDV: kifaa cha USB, kamera yenye FireWire au studio?

Mwambao76
Ndugu wanajukwaa, ninazo kanda za familia za aina mbili: Hi8 za miaka ya 1990, nyingi zikiwa za harusi na maulidi, na MiniDV zilizorekodiwa baada ya mwaka 2000. Nimeanza kuzihamishia kwenye kompyuta kwa kifaa kidogo cha USB kinachopokea zile plagi tatu, ya njano, nyeupe na nyekundu. Picha inaridhisha, lakini sauti ina kasoro tatu: mvumo mzito usiokoma, sauti kutoka upande mmoja tu wa spika, na, linalonisumbua zaidi, maneno kuachana na midomo kadiri kanda inavyoendelea, hata ikafika mahali kadhi anasikika akisoma hotuba ya nikaha ilhali kwenye picha ameshaketi. Nina njia tatu mbele yangu: kurekebisha kwa programu kile nilichokwisha kunasa, kununua kamera ya mtumba yenye FireWire, yaani tundu la kutolea video kidijitali kwenda kwenye kompyuta, na kuanza upya, au kuzipeleka studio. Naomba mwenye ujuzi anilinganishie, kwa upande wa sauti peke yake.

FundiKanda
Mkuu, kasoro zako hazina chanzo kimoja, na ndiyo maana njia moja haiwezi kuzimaliza zote. Nianze na hiyo ya midomo. Katika Hi8, sauti ya kawaida huandikwa na vichwa vinavyozunguka, kwenye mistari ileile ya mshazari inayobeba picha. Kwa hiyo ndani ya kanda yenyewe sauti na picha haziachani, bali huachana pale kompyuta inapozipokea. Vifaa vya bei nafuu mara nyingi hupima picha kwa saa yake ya ndani na sauti kwa saa nyingine tofauti, na kanda iliyochakaa inapotetereka, baadhi ya fremu, yaani zile picha mojamoja zinazounda video, hupotea bila kuwekewa nyingine mahali pake. Fremu moja ya PAL, mfumo wa video wa fremu 25 kwa sekunde, huchukua milisekunde 40. Zikipotea 25, sauti imebaki nyuma kwa sekunde nzima.

Angalia jinsi pengo hilo linavyokua. Likiwa lilelile tangu mwanzo hadi mwisho, isogeze sauti mara moja na kazi imekwisha. Likikua polepole kwa kipimo kimoja, tatizo ni saa zisizolingana, na hapo programu inatosha kabisa: tuseme picha ina sekunde 3,600 na sauti ina 3,602, basi unaiongezea sauti kasi kwa uwiano huo, kwa programu ya Audacity au kwa kichujio cha atempo katika programu ya FFmpeg, na sikio la mtu halitagundua chochote. Lakini pengo likiongezeka kwa kuruka, hasa pale mpigapicha alipozima na kuwasha kamera, hizo ni fremu zilizopotea, na dawa yake ni kuikata video vipande na kulinganisha kila kipande kwa mkono. Kwa kanda moja kazi hiyo inavumilika. Kwa sanduku zima, nunua kamera.

Bint_Pangani
Ninakubaliana na uchambuzi huo, ila si lazima kukimbilia kununua kamera. Kifaa cha USB kinaweza kufanya kazi nzuri kikiletewa mawimbi ya picha yaliyotulia, na mashine za zamani za kurekodia DVD, mfano Panasonic DMR-ES10, zinatuliza mawimbi hata kama hurekodi chochote ndani yake: kamera inaingia kwenye mashine, mashine inaingia kwenye kifaa cha USB. Sharti moja ni kwamba sauti nayo ipitie humohumo kwenye mashine, kwa kuwa picha hucheleweshwa kidogo ndani yake na sauti iliyopita njia ya mkato itatangulia. Kisha nasa kwa programu inayokuonyesha hesabu ya fremu zilizopotea, kama VirtualDub, na uweke sauti kwenye 48 kHz, yaani sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde, tangu mwanzo.

FundiKanda
Njia hiyo ni sahihi kwa Hi8. Ila kuipata mashine hiyo ikiwa nzima siku hizi si rahisi kuliko kuipata kamera ya Digital8, inayorekodi kidijitali kwenye kanda za umbo la Hi8, na nyingi za Digital8 hucheza kanda za Video8 (mtangulizi wa Hi8) na Hi8 yenyewe na kuzitoa zikiwa tayari katika mfumo wa kidijitali kupitia FireWire. Nasema nyingi, si zote. Muuzaji akuchezee kanda yako ya Hi8 mbele ya macho yako kabla ya kumlipa.

Saa_ya_Mchanga
Kuhusu MiniDV sidhani kama kuna la kulinganisha. Kanda hiyo tayari ni data, na FireWire inainakili data hiyo kama ilivyo, takriban GB 13 kwa saa moja, kila fremu ikiwa na sampuli zake za sauti ndani yake: takriban 1,920 kwa fremu ya PAL katika 48 kHz. Ukiipitisha kwenye plagi tatu unaigeuza kuwa mawimbi na kisha kuirudisha kuwa data, na kila hatua inapoteza kitu.

Hata hivyo FireWire nayo ina mitego yake. Kamera nyingi za nyumbani zilirekodi sauti ya biti 12 kwa 32 kHz, nyingine zikarekodi biti 16 kwa 48 kHz, na wapo waliobadilisha katikati ya kanda. Programu isiyotambua badiliko hilo hutoa sauti nyembamba ya kukimbia au nzito ya kujikokota, hivyo nasa kila sehemu kama faili lake. Sauti ya biti 12 ina jozi mbili za njia, na jozi ya pili iliachwa wazi kwa ajili ya kuongeza maelezo baadaye. Ukicheza kanda usisikie chochote, fungua menyu ya kamera uone kama haikuchagua jozi hiyo tupu. Kanda zilizorekodiwa kwa mwendo wa LP, ule wa polepole unaorefusha muda wa kanda, mara nyingi hukatikakatika zikichezwa na kamera nyingine, basi kama kamera iliyorekodi bado ipo, itumie hiyohiyo. Na usinunue vile viungio vidogo vinavyodai kugeuza FireWire kuwa USB: vinaunganisha waya tu, na mifumo hiyo miwili haielewani. Unahitaji kompyuta yenye tundu lake au kadi ya kupachika.

MzeeWaUdi
Nami niongeze neno kuhusu kusafisha, kwa sababu huko ndiko sauti nyingi huuawa. Mvumo wa umeme katika nchi zetu uko kwenye 50 Hz na marudufu yake, 100 na 150, nao hupunguzwa kwa kichujio chembamba bila kudhuru mengine. Kile chombo cha kuondoa kelele katika Audacity, kinachojifunza kelele kutoka sehemu tulivu ya rekodi, kinafaa kwa hotuba ya mzee mmoja chumbani. Kwenye taarabu kitumie kwa hadhari kubwa, desibeli 6 au chini ya hapo, maana hakitofautishi kelele ya kanda na mkwaruzo wa upinde kwenye fidla, na kanuni itatoka kama inapigwa chini ya maji. Hifadhi daima faili ghafi. Ukienda studio, sharti lako la kwanza liwe hilo: wakupe faili lisilosafishwa, sauti ikiwa haijabanwa, wala wasikupe DVD peke yake.

Mwambao76
Nawashukuru nyote. Nimechomoa chaja ya kompyuta nikatumia betri, na mvumo umetoweka. Pengo la midomo linaongezeka kwa kuruka, kwa hiyo nitatafuta Digital8 kwa ajili ya Hi8 na kadi ya FireWire kwa kanda zote. Bado sijaelewa sauti ya upande mmoja.

Bint_Pangani
Je, waya unaotumia ni wa kamera hiyohiyo?

Mwambao76
Hapana, ni wa kifaa kingine. Picha hutokea kwenye plagi nyekundu, nami nimeichomeka kwenye tundu la njano. Plagi ya njano haijachomekwa popote.

Bint_Pangani
Basi sauti ya upande wa kulia imo kwenye hiyo plagi ya njano. Kamera hazipangi pini za ile plagi ndogo kwa utaratibu mmoja, na rangi za waya wa kifaa kingine hazina maana kwa kamera yako. Ichomeke ya njano kwenye tundu jekundu. Kama upande huo utabaki kimya, huenda kamera yako ni ya sauti ya njia moja. Nakili upande wa kushoto uuweke pande zote mbili, na kwa kanda hiyo usitafute zaidi.