Vijiti wanaviweza, daftari linawashinda

SWALI
Habari walimu. Niko kwenye mafunzo, nafundisha hisabati darasa la pili. Nimefunga vijiti kumikumi kwa raba, na 52 kutoa 27 wanaifanya vizuri tu mezani. Nikikusanya vijiti na kuwaambia waandike, nusu ya darasa wananiletea 35. Niwape muda, au kuna namna?

JIBU
Muda peke yake utawazoesha hiyo 35, mwalimu. Angalia wanachofanya: kwenye mamoja wanaona 2 na 7, wanatoa ndogo kwenye kubwa, wanapata 5. Mezani ujanja huo haupiti, maana kwenye vijiti viwili hutoi saba.

Kwa hiyo usiache vijiti na daftari viwe vipindi viwili. Waketi wawiliwawili, mmoja ashike vijiti, mwenzake kalamu. Wa vijiti akifanya jambo, hasogezi kingine mpaka wa kalamu aliandike. Fungu likifunguliwa, 5 inakatwa, juu yake 4. Vijiti kumi vikiungana na vile viwili, kwenye mamoja panaandikwa 12. Kisha wapokezane.

Na neno "kopa" liweke kando kwanza. Sema "nipe vijiti saba", unyamaze. Watavitazama vile viwili, watatazamana, hatimaye mmoja atauliza, "Tufungue?" Kipindi kizima kiko hapo, na walimu wengi tunakikatiza kwa kiherehere cha kusaidia. Mimi hutia mikono mfukoni.

Ukishaondoa vijiti, wachore: fungu ni mstari, kijiti ni nukta. Mwanasaikolojia Jerome Bruner alizitaja hatua hizo tangu miaka ya 1960: tendo, picha, halafu alama. Ya katikati ndiyo inayorukwa.

JIBU
Nikazie kidogo: wakadirie kabla ya kuandika. 27 inakaribia 30, na 52 kutoa 30 ni 22. Mwenye 35 ataishtukia mwenyewe.

MWULIZAJI
Asanteni sana. Na 402 kutoa 158? Pale makumi hakuna kabisa.

JIBU
Funga mafungu kumi pamoja yawe mia. Wakitafuta fungu la kufungua hawalioni, watavunja mia moja, wapate mafungu kumi, kisha wafungue moja kati ya hayo. Mezani kunabaki mia 3, mafungu 9, vijiti 12. Wenyewe ndio watakuonyesha ile 9 imetoka wapi. Jibu lao lisome 244.