Oktoba 14, Siku ya Nyerere, shuleni: tufanye nini zaidi ya kusikiliza hotuba za Mwalimu?

Katibu_Klabu: Wakuu, heshima kwenu. Klabu ya historia, wanafunzi 40 wa kidato cha tatu, saa mbili tu. Mada ni fikra za Nyerere na utaifa wetu. Kila mwaka ni hotuba zilizorekodiwa na ngonjera, basi. Safari hii tunataka wasome na wabishane.

Mwl_Historia: Shikeni maandishi, sifa ziacheni. Azimio la Arusha, tamko la TANU la 1967 kuhusu ujamaa na kujitegemea, lina sehemu tano. Mkitaka kulisoma lote hammalizi. Chukueni ya tatu, kuhusu kujitegemea, na ya tano yenye miiko ya uongozi. Makundi manane ya watu watano, dakika 25 za kusoma, muda uliobaki wote mjadala. Miiko ndiyo yenye moto: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Waulizeni upi ungeshikika leo, na kwa nini CCM iliilegeza miiko hiyo katika kikao chake cha Zanzibar mwaka 1991. Hapo hamtahitaji mchokozaji mada.

Mpekuzi: Angalieni mabango, ndiko aibu inakotokea. "Rais tangu 1961" ni kosa. Desemba 9, 1961 Nyerere alikuwa Waziri Mkuu, akajiuzulu Januari 1962, na urais wa Tanganyika akaushika Desemba 9, 1962. Maneno yake ya kuwasha mwenge juu ya Kilimanjaro aliyasema 1959 katika Baraza la Kutunga Sheria. Usiku wa uhuru ndipo mwenge wenyewe ulipowashwa Kilimanjaro. Nukuu ya WhatsApp isiyo na mwaka wala mahali, tupeni.

Katibu_Klabu: Asanteni. Na vijiji vya ujamaa, vile vya kuishi na kulima pamoja? Mkuu wa shule anahofia tutaonekana tunamtukana Baba wa Taifa.

Mwl_Historia: Msiviruke. Andiko lake la Septemba 1967 kuhusu ujamaa vijijini linataka watu waingie kwa hiari. Novemba 1973 kuhamia vijijini kukawa amri, na wengine wakahamishwa kwa nguvu, mashamba yao yakabaki mbali. Wekeni hayo mawili kwenye karatasi moja, wanafunzi wapime wenyewe. Mkuu wa shule mpelekeeni mapema tathmini ya Mwalimu ya 1977, miaka kumi baada ya Azimio. Humo anataja kasoro waziwazi, hata za serikali yake.

Mpekuzi: Na ngonjera iwe moja, mwanzoni, dakika tano. Mkitanguliza mbili, mjadala ndio utakaokatwa.