Mjadala: Je, IBM ilikosea kuuacha wazi muundo wa kompyuta yake ya 1981?

Kila historia ya IBM inapozungumzwa hurudiwa hoja kwamba kampuni hiyo ilijichimbia kaburi tarehe 12 Agosti 1981, ilipotoa kompyuta binafsi iliyoundwa kwa vipuri vya wengine, yenye muundo ambao yeyote angeweza kuuiga. Mimi naipinga hoja hiyo, na wanaoishikilia nawaomba wanijibu kwa ushahidi.

Kikosi cha IBM cha Boca Raton, Florida, kilichoongozwa na Don Estridge, kilikuwa na muda wa mwaka mmoja hivi, nao usingetosha kubuni kila kitu upya. Kichakataji kikachukuliwa Intel, mfumo endeshi ukatoka Microsoft, na ndani ya kasha zikawekwa nafasi tano za kuchomeka kadi za kuiongezea kompyuta uwezo. Zaidi ya hayo, IBM iliuza kitabu cha kiufundi chenye michoro ya saketi na programu nzima ya BIOS, ile inayoiwasha mashine na kuunganisha mfumo endeshi na vifaa, iliyochapishwa mstari kwa mstari. Mtengenezaji mdogo wa kadi alihitaji kukinunua tu kitabu hicho ili aanze kazi. Bila uwazi huo, ingebaki mashine ya dola 1,565 yenye kumbukumbu ya kilobaiti 16, ikishindana na Apple II, ambayo yenyewe ilikuwa na nafasi nane za kadi.

Aidha, si kweli kwamba mali iligawiwa bure. Hakimiliki ya BIOS ilibaki kwa IBM, na ndiyo maana Compaq, kampuni shindani iliyotaka kutengeneza kompyuta inayolingana na ya IBM, ililazimika kuwatenga wahandisi wake: waliosoma programu ile walieleza kazi zake tu, na wengine, ambao hawakuwahi kuiona, wakaandika yao upya.

Makosa nayaona kwingine. La kwanza ni mkataba ulioiachia Microsoft haki ya kuwauzia washindani mfumo endeshi uleule. La pili, ambalo kwangu ni zito zaidi, ni la 1987, IBM ilipoleta kompyuta za PS/2 na njia mpya ya kuunganisha kadi, Micro Channel: kadi ambazo wateja walikuwa wamekwisha kuzinunua hazikuingia, na aliyetaka kuiiga njia hiyo alitakiwa kulipia leseni. Mwaka uliofuata kampuni tisa, Compaq ikiwa mbele, zikatangaza njia yao, EISA, iliyozipokea kadi za zamani. Kwa maoni yangu, soko liliihama IBM pale ilipojaribu kufunga mlango ambao ilikuwa imeufungua yenyewe.

Kwa wanaoamini kwamba kufunga tangu mwanzo kungeiokoa, swali langu ni hili. Kompyuta kubwa za IBM hazikujengwa kwa vipuri vya kununuliwa popote, lakini Gene Amdahl, mmoja wa wabunifu wakuu wa kompyuta hizo za System/360 za 1964, aliondoka akaanzisha kampuni yake, na mwaka 1975 ikauza mashine iliyoendesha programu zilezile. Je, huko nako tuseme uwazi ndio ulioiponza?